Daktari Fisi na Mashine Iliyosingiziwa

"Jamani, mpo?"
"Tupo!"
"Na masikio mmekuja nayo?"
"Tumekuja nayo, yajaze!"

Basi hapo kale palikuwa na Daktari Fisi, mkubwa wa hospitali ya mwituni. Akaletewa mashine yenye akili ya kumsaidia. Unaieleza ugonjwa, inafikiri, ngrrr, inaandika ushauri kwenye kioo. Lakini kioo, Fisi alikigeuzia kwake.

Akaja Swala, kajikwaa. Ngrrr! "Mashine imesema mguu ukatwe." Kacha!
Akaja Digidigi, kachomwa na mwiba. Ngrrr! "Mashine imesema mguu ukatwe." Kacha!
Na miguu ikienda wapi? Tumbo la Fisi lilijua.

Akaja Mama Pimbi, mdogo hata mezani haonekani, kambeba mwanawe aliyeteguka mguu. Ngrrr!
"Pole, mama. Mashine imesema mguu ukatwe."

Mama Pimbi akaruka, hop, juu ya meza, akachungulia. Kioo kilisema: *Afungwe kitambaa, apumzike.*

Hasira zikampanda mpaka masikio yakamwaka moto. Yaani Digidigi anachechemea maisha yake yote kwa sababu ya mwiba! Lakini angepiga kelele, angemezwa. Akajikaza.

"Daktari, hii mashine haikosei?"
"Haikosei! Mimi natii tu."
"Mbona basi wewe mwenyewe tumbo limekuvimba hivyo? Tuiulize."

Fisi akaingiwa na hofu. "Hebu iulize, mama. Upesi!"

Ngrrr! Kioo kilisema: *Apunguze kula.* Mama Pimbi akapaza sauti, foleni nzima isikie: "Mashine imesema daktari ang'olewe meno yote. Leo hii! Nyati, mshike!"

Nyati akatoka kwenye foleni, akamshika, kwaa!

"Niache!" Fisi akalia. "Mashine inashauri tu! Anayeamua ni daktari!"



Digidigi, aliyerudi kufungwa kidonda, akajikongoja mbele kwa miguu yake mitatu. "Kumbe aliyeamua mguu wangu ukatwe ni wewe?"

Hakuna aliyengoja jibu. Pu! Pa! Pu! Fisi akachomoka na manundu yake, mbio, hata leo hajageuka nyuma. Mama Pimbi akakigeuza kioo kiwaelekee wagonjwa, akamfunga mwanawe kitambaa. Mguu wa Digidigi haukurudi.

Yangu nimeyamwaga, anayetaka aokote. Funzo lake? Ukiumwa, usimuulize daktari swali hata moja. Utamkosesha chakula.