Mlango wa Gari la Mzee Shekiondo

"Ufikishe mlango, utajivuta." Mmeisikia leo hapa gereji, mkacheka, halafu mkaja kuniuliza mimi Bi Saumu imetoka wapi. Mmemuuliza mwenyewe hasa! Nashona viti vya magari hapa Ngamiani tangu hamjazaliwa, na methali hii ilizaliwa mbele ya macho yangu. Basi wekeni simu chini, maana ilianza namna hii.

Palikuwa na fundi hapa akiitwa Hoza. Kijana mpole, fundi kwelikweli, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alimpenda Zaina, binti wa Mzee Shekiondo, na hakuthubutu kusema. Miaka miwili! Nikimwambia, "Andika barua ya posa niipeleke," ananijibu, "Tusubiri, Bi Saumu. Kama ni riziki yangu itakuja yenyewe." Roho ilikuwa inaniuma!

Mzee Shekiondo alikuwa na gari la kifahari, jeusi, ambalo milango yake inajifunga. Huubamizi. Unaurudisha taratibu tu, kitasa kikishika kidogo, mota iliyomo ndani inaudaka mlango na kuuvuta, vvvuu, mpaka unakaza. Watu walikuwa wanakuja kuushangaa.

Alhamisi moja baada ya adhuhuri, Zaina akalileta lile gari. Mlango wa nyuma kushoto haujivuti, na macho yake mwenyewe mekundu.

"Fundi, fanya haraka," alisema. "Baba anataka gari lirudi kabla ya alasiri. Kuna washenga wanakuja."

"Washenga wa nani?" Hoza akauliza.

"Wa kuniposa mimi! Wanatoka Korogwe na barua. Baba akiikubali, ndiyo basi."

Mungu wangu! Niliacha cherehani. Hoza alinywea kama kamwagiwa maji, lakini badala ya kusema neno, akainama kwenye mlango! Nilitaka kumrushia mkasi.

Akakagua fyuzi, nzima. Akajaribu milango mingine mitatu, yote inajivuta vizuri. Akaubamiza ule mbovu, ukamrudia. Akaubamiza tena, jasho linamtoka. Nikasema mota imekufa, tumwambie Mzee aagize nyingine. Alichukua bisibisi, akausukuma ulimi wa kitasa mlango ukiwa wazi, mpaka ukalia ta! Mara mota ikanguruma, ikauvuta ulimi mpaka mwisho.

Hoza akaruka. "Nzima! Mota nzima! Ni mlango ndio haufiki!"

Akapapasa fremu na kukuta mpira mnene wa kuzuia vumbi, Mzee Shekiondo kaubandika mwenyewe juzi juu ya ule wa zamani. Akaubandua ule mpya wote. Akaurudisha mlango kwa vidole viwili tu: ta, vvvuu. Umefunga! Gereji nzima tulipiga makofi.

Zaina akauliza, "Sasa muda wote huo mota ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa inasubiri. Mota haianzi, dada Zaina, inamalizia tu. Wewe ufikishe mlango, utajivuta."

Zaina akamkazia macho. "Umeyasikia uliyoyasema, Fundi?"

Hoza akaanza kuifuta bisibisi.

"Mimi siwezi kukuletea mshenga," Zaina alisema. "Baba naye hawezi kuja kukutangazia binti yake hapa. Ufikishe basi, Hoza!"

Loo! Bisibisi ilimponyoka. "Bi Saumu," akasema, "kalamu iko wapi?"

Aliandika juu ya boneti, mistari minne, kwenye karatasi iliyofungia spea, grisi pembeni. Nikavaa baibui langu mbiombio, Zaina akaendesha mwenyewe, na jinsi alivyoendesha nilisoma dua zote ninazozijua. Tulifika adhana ya alasiri inaadhiniwa. Wageni wa Korogwe walikuwa bado wako njiani.

Mzee Shekiondo akaisoma ile karatasi, akaisoma tena, kisha akapaza sauti: "Alhamdulillahi! Bi Saumu, miaka miwili nampelekea gari lisilo na hata kikohozi, namsubiri huyu kijana aseme! Nilishakata tamaa!"

Akamwita binti yake kumuuliza kama anaridhia. Desturi yetu binti hunyamaza. Zaina alisema ndiyo kabla swali halijaisha! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Wale wa Korogwe walipofika walinyweshwa chai, wakaombwa radhi kwa heshima zote.

Fikirieni, wanangu. Angesubiri saa moja zaidi angemkosa, na baba mtu alikuwa anamtaka kuliko hao wote. Ndiyo maana hapa gereji, mtu akikaa tu akingoja riziki imfuate, tunamwambia: ufikishe mlango, utajivuta.