Ngamia wa Bibi Rumaisa

Wametusimulia waliopokea kwa waliotangulia kwamba katika mji mmoja wa njia ya misafara aliishi mjane mcha Mungu, Bibi Rumaisa, ambaye mali yake yote ilikuwa ngamia mmoja. Msafara wa mahujaji ulikuwa uondoke baada ya alasiri. Akimuuza ngamia, atahiji. Asipomuuza, atabaki.

Kanuni ya mji huo ilikuwa hivi: anayeuza mnyama hutaja kasoro zake zote mbele ya kadhi na mashahidi wawili, kisha mkataba huandikwa. Aliyeficha kasoro hurudishiwa mnyama wake, naye hurudisha thamani aliyopokea, maadamu mwaka haujatimia.

Dalali Safwani alimletea mnunuzi, muuza chumvi aitwaye Miqdadi. Walipokaribia baraza la kadhi, dalali akamnong'oneza bibi, "Mama yangu, ukiulizwa kasoro, sema ana tabia zake. Nani asiye na tabia zake?"

"Mwanangu, nihiji kwa uongo?"

"Uongo gani? Ni kunyamaza tu. Na kunyamaza ni ibada!"

Kadhi akauliza. Bibi Rumaisa akalitazama jua, lilikuwa limeshainama. Akavuta pumzi.

"Hatembei mpaka aimbiwe, bwana kadhi. Na akiimbiwa vibaya, anaketi."

Watu wakaangua kicheko. Miqdadi, aliyejiona ana sauti, akasema, "Hilo tu?" Akaimba ubeti mmoja. Ngamia akamtazama kwa huzuni, akakunja miguu ya mbele, akakunja ya nyuma, akaketi.

"Simtaki!" akasema Miqdadi.

Safwani akashika kichwa. "Umejinyima Hija kwa mdomo wako mwenyewe, mama!"

Machozi yakamlenga bibi, lakini akasema, "Alhamdulillahi."

Kadhi akauliza, "Kasoro hii ilianza lini?"

"Aliniketia siku ile ile niliyomnunua, mwezi wa Rajabu. Nilidhani ni mtihani wangu, nikasubiri. Nimemwimbia miezi minne, mpaka koo limekauka."

"Ulimnunua kwa nani?"

Bibi hakupenda kumfedhehesha mtu. Akafungua upindo wa nguo yake, akatoa mkataba, akamkabidhi. Kadhi akausoma kwa sauti: "Ngamia huyu hana kasoro yoyote. Muuzaji: Safwani."

"Una la kusema?" kadhi akamuuliza dalali. Safwani akainamisha kichwa, asijibu.

"Mwache, bwana kadhi," akasema Bibi Rumaisa. "Yumo ibadani."

Thamani ikarudishwa pale pale, na bibi akauwahi msafara. Wanasema mahujaji walipotoka langoni, Safwani alikuwa bado anaimba sokoni, na ngamia bado ameketi.

Ndugu zangu, kanuni aliyoitii bibi yule ilimfukuzia mnunuzi, na kanuni hiyo hiyo ikampeleka Makka. Basi tuandike mikataba yetu kama inavyotakiwa, na tuyataje tunayoyajua. Mola atujaalie ulimi kama wa Bibi Rumaisa, na atuepushe na sauti ya Safwani.