Kiboko na Viza ya Mwaka Mzima

"Nitupe nisitupe?"

"Tupa tudake!"

"Ikiniponyoka?"

"Tutaiokota!"

Haya, kaeni vizuri. Wewe uliyechukua mkeka wa mwenzako, mrudishie, nimekuona.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiomba ruhusa kabla ya kuvuka mpaka, palikuwa na Nguchiro. Mdogo, mwembamba, macho hayatulii. Nguchiro huyu alikuwa akiishi ugenini, katika nchi ya ndege, nyuma ya majabali. Ndege ndio waliomwita. Nyoka walikuwa wamewazidi, mayai yanamezwa hata hayajapoa. Nguchiro akaja, akawafukuza nyoka. Ndege wakafurahi, wakampa kibali cha kazi, kijumba, dimbwi la maji na kipande cha shamba. Akapanda maboga, akawaleta wanawe wawili, akatulia. Msiniulize kama yeye mwenyewe hakuonja yai hata moja. Mimi sikuwapo.

Habari za maboga zikafika nyumbani kwao. Zikamfikia Kiboko.

Kiboko alikuwa wa kijiji kimoja na Nguchiro. Nguvu anazo, sauti anayo, na tumbo ndilo usiseme. Aliposikia, masikio yalimsimama.

"Maboga? Mdogo wangu ana maboga, na mimi natafuna majani makavu? Naenda!"

Tifu, tifu, tifu, mpaka mpakani. Hapo kati ya majabali mawili palikuwa na lango, na langoni alisimama Korongo, afisa wa mpaka, kwa mguu mmoja, mhuri chini ya bawa.

"Unakwenda kwa nani?" akauliza Korongo.

"Kwa mdogo wangu, Nguchiro."

Korongo akamtazama Kiboko juu mpaka chini. Akaukumbuka ukubwa wa Nguchiro. Akautoa mhuri.

"Nataka viza," akasema Kiboko. "Nataka ndefu!"

Korongo akagonga mhuri: ta! "Viza hii inafaa mwaka mzima..."

"Mwaka mzima!" Kiboko akaruka, ardhi ikatikisika.

"Nisikilize kwanza. Mwaka ni muda wa kuitumia viza kuingia. Mwaka ukipita hujaja, huingii tena. Lakini ukishaingia, ruhusa yako ya kukaa ni mpaka mwezi uandame, basi. Na ni ya kuingia mara moja tu, kwa hiyo..."

Korongo alikuwa akiongea na vumbi. Kiboko alishapita zamani.

Tifu, tifu, tifu, mpaka kwa Nguchiro.

"Mdogo wangu!"

"Kaka! Shikamoo. Karibu sana. Umekuja kwa muda gani?"

"Mwaka!" akasema Kiboko, na hapo hapo akaingia dimbwini. Chubwi! Maji yote yakatoka, yakaenda kulala shambani. Akanyoosha shingo, akaliona boga la karibu. Kacha! Likaisha.

Nguchiro alifurahi, msidhani hakufurahi. Ugenini ni ugenini, na kusikia mtu akiongea lugha ya kwenu ni raha. Walikaa wakacheka, wakaulizana habari za nani kaoa na nani kaachwa. Siku za mwanzo zilikuwa tamu.

Mwezi ukakua, ukajaa. Nguchiro akaenda dimbwini. Naye huyu alizijua sheria za ndege, maana kibali chake mwenyewe alikihangaikia mpaka manyoya yakapukutika.

"Kaka, mwezi umejaa. Ukiisha ukaandama mwingine, ruhusa yako ya kukaa imekwisha."

"Nina viza ya mwaka."

"Ule mwaka ni wa kuingia, kaka. Si wa kukaa."

"Mwaka ni mwaka!" akasema Kiboko. Chubwi! Kacha!

Mwezi ukaanza kupungua. Maboga nayo yakapungua. Dimbwi likawa tope. Mama Bata, jirani yake, akaja amekunja uso: "Nguchiro mwenzangu, wanangu watajifunzia wapi kuogelea? Kwenye mgongo wa huyu?" Na ndani ya kijumba, watoto wa Nguchiro wakawa wanauliza kila jua likipanda:

"Mama, leo tunakula nini?"

"Alichobakisha mjomba."

"Mjomba amebakisha nini?"

"Vikonyo."

Nguchiro akaenda tena dimbwini.

"Kaka, mwezi umebaki nusu. Nakuomba, anza kufunga mzigo."

Kiboko akatoa pua kwenye tope. "Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Nakwambia sheria."

"Mwaka ni mwaka! Tena sikia, ukinifukuza nitakwenda nyumbani niwaambie wote kwamba ugenini kumekubadilisha. Nitawaambia Nguchiro sasa ni ndege, hana watu."

Hilo lilimwingia Nguchiro kama mwiba. Mama yake alikuwa bado hai kule kijijini. Angelisikia. Akarudi ndani.

Kesho yake akapita Korongo kwa miguu yake mirefu, kipa, kipa, kipa.

"Yule mgeni wako bado unaye?"

"Ninaye, afande."

"Mwezi ukiandama nitapita kukagua. Aliyepitiliza tunamfunga kamba, tunamtoa, na nchi hii hakanyagi tena. Na aliyemweka kwake anatoka pamoja naye."

"Hata mwenye kibali cha kazi?"

"Hata yeye. Na watoto wake."

Manyoya ya Nguchiro yakasimama. Sasa afanye nini? Amshtaki Kiboko kwa Korongo? Kijijini watasema kamuuza ndugu yake. Anyamaze? Atafukuzwa yeye na wanawe. Amsukume? Asukume nini! Hata kope la Kiboko lilimzidi uzito.

Akakaa mlangoni, akafikiri. Nguchiro alikuwa fundi wa nyoka, na nyoka aliye shimoni hakumvuta kamwe. Alimfanya atamani kutoka mwenyewe. Wakati anafikiri hivyo, akatua Mbayuwayu, ndiyo kwanza anatoka upande wa nyumbani.

"Habari za huko?" akauliza Nguchiro.

"Huko ni matikiti tu! Bonde zima limeiva. Yanapasuka yenyewe kwa utamu."

Nguchiro akasimama. Akajipangusa. Akaenda dimbwini, akapiga magoti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja na mambo yako ya mwezi?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Mtu mzima mwenye viza ya mwaka, mimi ni nani nimhesabie mwezi?"

"Sasa umesema!" Kiboko akafurahi mpaka akapiga mapovu. "Mwaka ni mwaka!"

"Basi kaa tu, kaka. Maboga yamebaki mawili, lakini tutagawana. Hayo matikiti ya nyumbani usiyafuate."

Mapovu yakakoma.

"Matikiti gani?"

"Si hayo ya bondeni. Mbayuwayu anasema yanapasuka yenyewe. Lakini wewe kaa tu."

"Mekundu?"

"Mekundu ndani. Kaa tu, kaka."

Tumbo la Kiboko likanguruma, ngururu! Akatoa mguu mmoja. Akatoa wa pili.

"Nikienda kula nikarudi?"

"Hilo muulize Korongo, ndiye mwenye mhuri."

"Nimuulize yule wa mguu mmoja? Mimi sijui hesabu? Mwaka ni mwaka!" Akatoka mzima, tope likichuruzika. "Na hayo maboga mawili usiyaguse. Ni yangu."

Tifu, tifu, tifu, mpaka langoni. Korongo akagonga mhuri wa kutoka: ta!

"Umewahi," akasema Korongo. "Ila ujue kwamba ukishatoka..."

Akabaki akiongea na vumbi tena.

Mwezi ukaandama. Korongo akapita kukagua, kipa, kipa, kipa. Akachungulia kijumba, akachungulia shamba, akachungulia dimbwi. Akaona shimo kubwa lenye umbo la tumbo, na watoto wawili wa Nguchiro wakiteleza ndani yake pamoja na watoto wa Mama Bata. Akakaza macho kwa Nguchiro.

"Wewe ndiye uliyemwambia atoke?"

"Mimi, afande? Nilimwambia akae. Tena mara tatu."

Kule nyumbani Kiboko alikula matikiti mpaka bonde likawa jeupe. Yalipokwisha, akakumbuka maboga. Tifu, tifu, tifu.

"Fungua!"

"Viza," akasema Korongo.

"Hii hapa. Mwaka haujafika hata nusu!"

"Kweli, mwaka haujaisha. Ila viza umeshaitumia. Uliingia, ukakaa, ukatoka. Mara moja ndiyo hiyo."

"Mwaka ni..." Kiboko akaanza, akaona lango halitikisiki, akapaza sauti. "Nguchiro! Mdogo wangu! Waambie!"

Nguchiro akatokea juu ya jabali na wanawe.

"Nimewaambia, kaka! Wanasema na wewe waliwahi kukuambia."

Kiboko akatazama chini. Kwa mara ya kwanza alionekana mdogo, kama kiboko anaweza kuonekana mdogo. Nguchiro akamhurumia. Akarudi shambani, akachukua boga moja katika yale mawili, akalibingirisha jabalini: bugudu, bugudu, bugudu! Likatua mbele ya Kiboko. Kacha!

"Msalimie mama!" akaita Nguchiro.

"Nitamsalimia," akajibu Kiboko, mdomo umejaa.

Na alimsalimia kweli. Ila kijijini alisimulia kwamba ndege walimlilia abaki, na Nguchiro alipiga magoti, akamwambia kaa tu, kaka, kaa tu. Naye akakataa, kwa sababu yeye hapendi kuwasumbua watu.

Ngano imefika kituoni, mimi nashuka.

"Shuka salama! Na funzo?"

Funzo ni kwamba ulafi ni jambo jema sana. Kiboko angekuwa mwenye kiasi, angeridhika na yale maboga mawili, angebaki dimbwini, na angefungwa kamba. Kwa hiyo, wanangu, mkienda ugenini, kuleni bila kuangalia nyuma, na afisa akianza kuwaeleza habari za mhuri, ninyi piteni. Mkikamatwa, mimi hamnijui.