Tangi la Mwezi wa Saba

“Gundi ikigoma usizidishe dawa, zidisha joto.” Asubuhi mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo mjomba wenu, alipotaka kumchapa mwanawe kwa kuchelewa kujua kusoma, na sasa mnataka kujua methali hiyo imetoka wapi. Msiitafute mbali. Imezaliwa hapa hapa Makete, katika ile karakana ya mabati juu ya shule, na mimi siisimulii kwa kusikia. Aliyekosea ni mimi.

Wakati huo shule ya wasichana ilikuwa na mabweni lakini haina maji. Jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ilipotanda, wasichana walishuka bondeni na ndoo kabla ya masomo, njia ikiteleza. Binti yangu Tulizo, ambaye leo ni mama yenu, alianguka huko akavunjika mguu. Ndipo mkuu wa shule aliposema wazi kwamba bila tangi la maji bweni halitafunguliwa mwezi wa saba, na wasichana wabaki makwao. Mnajua wenyewe, msichana akibaki nyumbani mwaka mmoja, mara nyingi ndiyo basi tena.

Kazi ya tangi akapewa Edina Sanga, binti wa hapa hapa aliyerudi kutoka Tanga, alikojifunza kutengeneza mashua za faiba. Mimi seremala nilimchongea kalibu ya mbao, ya kulipa tangi umbo. Siwafichi, nilikuwa najiona. Kuamrishwa na binti niliyemwona akibebwa mgongoni kulinikera sana.

Kazi ya faiba ni hivi. Unatandaza kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya kalibu, unakipaka gundi iliyochanganywa na dawa kidogo ya kugandisha, na gundi ikikauka kinakuwa kigumu kuliko bati. Kule Tanga huganda kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Sisi tulipaka saa mbili asubuhi, na saa tano bado ilinata vidoleni.

Edina akasema tusiiguse, akaenda shuleni kupima mnara wa kuwekea tangi. Nikabaki na jeuri yangu. Nikasema moyoni, huyu anaogopa dawa. Nikachanganya gundi nyingine, dawa nikaimimina mara tatu ya kipimo, nikapaka tabaka nene juu ya lile la kwanza. Kimya. Kisha ukungu ukaondoka, jua likapiga mabati ya karakana. Lo! Tangi likapata moto, likafuka moshi, likalia pwaa! Ufa ukapita kutoka juu hadi chini.

Edina alinikuta nimesimama na brashi mkononi. Gundi iliyobaki ilitosha tangi moja tu, na siku zilizobaki zilikuwa nne.

“Baba Tulizo, umeweka dawa kiasi gani?”

“Mara tatu.”

Nilingoja anitukane. Akaketi juu ya debe.

“Mama Tulizo anauza maandazi,” akasema. “Asubuhi ya baridi kama hii, unga ukikataa kuumuka, huongeza hamira?”

“Hapana. Maandazi yatakuwa machungu. Hulifunika beseni kwa blanketi, akaliweka karibu na jiko.”

Nilipojisikia nikisema hayo, aibu ilinishika. Maandazi yale nilikuwa nimeyala miaka kumi na mitano!

“Hata mimi nimekosa,” akasema Edina. “Nimekuja na kipimo cha Tanga, joto la Tanga nimeliacha huko. Kesho uje mapema, baba, na blanketi. Na mwambie mama tunamhitaji.”

Asubuhi yake wanawake wa kijiji, bibi yenu mbele, walichemsha maji nje, mbali na karakana, kwa sababu gundi ile hushika moto upesi. Madebe ya gundi tukayakalisha katika mabeseni ya maji moto. Ndani ya kalibu tukapanga madumu ya maji moto, na pande zote tukaning'iniza mablanketi. Dawa Edina akaipima kwa kifuniko, kipimo kile kile cha Tanga, tone halikuzidi. Tukapaka. Kabla ya adhuhuri akagonga kwa kifundo cha kidole: ko, ko. Kavu! Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mabati yakatetema.

Jumatatu shule ilifunguliwa. Mama yenu, na mkongojo wake, ndiye aliyefungua koki ya kwanza, na maji yakamrukia mpaka usoni. Sijapata kuona fahari kama ile.

Lakini mwenyekiti wa kijiji aliona majina mawili yameandikwa kwenye tangi, la Edina na langu, Mahenge. Akauliza mbele ya watu wote, “Fundi, Mahenge si ndiye aliyepasua tangi la kwanza? Ulipaswa kumfukuza. Mbona umemwandika?”

Edina akajibu, “Mwenyekiti, gundi ikigoma usizidishe dawa, zidisha joto.”

Watu wakacheka. Mimi nililia, mtu mzima, mbele ya wasichana wa shule, na tangu siku hiyo nilimwita Fundi mpaka nilipoacha kazi. Tulitengeneza matangi arobaini na moja pamoja, na hakuna hata moja lililopasuka.

Haya, chungulieni uani. Fimbo ya mjomba wenu iko chini, na mtoto yuko mapajani pake na kitabu. Gundi ikigoma usizidishe dawa, zidisha joto.