Mabati ya Soko la Tungamaji

Paa la soko la Tungamaji lilipoibwa, Bi Mize muuza samaki alisema mbele ya watu kwamba madiwani wameezekea nyumba zao mabati yake. Tuhuma zikaufikia uongozi wa jiji, nao ukaunda kamati ya uchunguzi. Wajumbe wake walikuwa madiwani wale wale. Meya Kilongola akamwita Bi Mize ukumbini.

"Mama, waombe radhi waheshimiwa hapa hapa, la sivyo kizimba chako sokoni tunakichukua."

Bi Mize hakuwa na kazi nyingine. Akapiga magoti.

"Nisameheni, baba zangu, niliropoka. Tena nimefurahi kusikia hamkuyachukua nyinyi, maana nilikuwa nawahurumia wake zenu."

"Wake zetu wameingiaje hapa?" Meya akauliza.

"Mabati yale tuliyapaka dawa ya kufukuza popo, Mheshimiwa. Jua likiwaka, mvuke wake unashuka ndani. Mwanamume akilala chini yake miezi michache, basi tena. Kitandani atabaki kusimulia hadithi."

Diwani mmoja akabana miguu. Meya akaahirisha kikao, akidai ana dharura nyumbani.

Kulipokucha, mabati yote yalikuwa yamerundikwa sokoni, mengine yakiwa na rangi ya kijani ya nyumba ya Meya.

Muuza nyanya akayasogelea kwa woga. "Shoga, hiyo dawa ya popo mliipaka lini?"

"Popo gani?" Bi Mize akasema, akiinua bati. "Shika huko tupandishe, samaki wangu wanaungua jua."