Nani Ashike Spana?

Hebu tuwaze kundi la wanafunzi wa chuo kikuu, ndugu zangu. Wamepewa kazi ya kutengeneza sanduku la kukaushia mboga kwa jua, na wakifeli, mwaka huo hawahitimu. Kabla msumari wa kwanza haujapigwa, kazi zimegawanywa kwa mazoea. Mvulana mmoja akapewa spana, abuni. Binti mmoja akapewa ripoti, maana wasichana, walisema, ni watu wa utaratibu.

Sasa binti huyu tangu utotoni alikuwa mtundu wa kufungua redio za watu. Alipoona mchicha wa majaribio umeota ukungu, alijua mara moja kwamba hewa yenye unyevu haina pa kutokea.

"Tuweke bomba juu, tulipake rangi nyeusi," alisema. "Likipata joto litavuta hewa."

"Dada, wewe tuandikie ripoti tu," wenzake wakacheka. "Kubuni tuachie wanaume."

Akarudi kwenye ripoti yake, lakini ilimuuma. Mchicha nao ukaendelea kuoza. Kwani ukungu unajua nani mwanamume?

Wiki ya maonyesho ilipofika, yule mvulana alimfuata.

"Dada yangu, nisikufiche. Sanduku hili nimeiga la waliotutangulia. Mimi napenda kupanga mambo, kila kitu mahali pake, ila naogopa kuchekwa. Chukua spana, nipe ripoti."

Wakabadilishana palepale. Bomba likapanda, jeusi tii. Siku ya maonyesho mchicha ulitoka mkavu, unavunjika vidoleni, na ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Kiongozi wa majaji akamnyooshea mvulana mkono.

"Hongera kwa ubunifu."

"Mbunifu ni huyu," alijibu, bila aibu hata chembe. "Mimi nimeandika ripoti."

"Basi ripoti yako ndiyo safi kuliko zote," jaji akasema. Walihitimu wote, vichwa juu.

Mnacheka? Sisi tumewazidi nini vijana wale? Mungu alipogawa vipawa hakuangalia nani amevaa sketi. Leo baada ya ibada tunachagua kamati ya ujenzi, na minong'ono nimeshaisikia: kina baba wachore ramani, mama yetu pale nyuma awe katibu. Kuna aliyemuuliza anapenda nini? Mama huyo ndiye aliyebuni mifereji inayoingiza maji ya mvua kwenye tangi la kanisa. Asubuhi hii, kabla ya kuingia humu, sote tumeyanywa.