Ngedere Aliyemkumbatia Mama Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa au mnapiga miayo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa posa na ngoma, Ngedere alimposa binti wa Bi Kima. Akakubaliwa. Siku ya arusi ikafika. Ngoma, du-du-du! Vigelegele, lililili!

Sasa, kwa akina Kima kulikuwa na mwiko. Mama mkwe haguswi. Mama mkwe hasemeshwi. Bwana arusi akae mbali, ajifunike uso kwa jani la mgomba, na neno lake lipitie kwa mshenga. Akimgusa mkwe, hata kwa ncha ya mkia, ndoa hakuna, arudi kwao. Na mshenga alikuwa nani? Kanga! Ndege asiyenyamaza hata akinywa maji!

Bi Kima naye, simsemi mtu mimi, alipenda kula na alipenda kusengenya. Tena alivifanya kwa pamoja. Kajaza zambarau mashavu yote, huku anamnong'oneza shoga yake Ngiri: "Umeuona mkia wa mkwe wangu? Kama kamba ya ndoo! Na mama yake, shoga, nasikia..."

Kimya.

Kokwa ya zambarau imeingia kooni. Imekwama!

Bi Kima akashika shingo. Macho nje. Hakohoi. Hasemi. Hapumui.

"Hee! Bi Kima kanyamaza!" akapiga kelele Ngiri. "Jamani, huyu anakufa!"

Vurugu! Wakamzunguka. "Mpeni maji!" "Mpeni tonge kubwa liisukume!" "Mwambieni atazame juu, ndege huyo!" Fisi akauliza, "Sahani yake anamwachia nani?"

Ngedere akachungulia pembeni ya jani. Kwao mizambarauni, mtoto hufundishwa dawa ya kokwa kabla hajafundishwa kupanda mti. Akamwambia Kanga, "Shangazi, upesi! Waambie wasimpe maji! Wamwinamishe, wampige mgongoni!"

Kanga akapanda juu ya kinu. Akakung'uta mabawa. "Jamani, bwana arusi anawasalimu. Anasema ukoo huu ni mtukufu. Anasema pilau linanukia..."

"Mgongoni, shangazi! Mgongoni!"

"Usinikatize, mwanangu. Salamu kwanza."

Midomo ya Bi Kima ikawa rangi ya zambarau. Bi arusi analia, "Mama! Mama yangu!"

Ngedere akimgusa, mke kamkosa. Akikaa, mama anakufa.

Jani chini, pwaa! Ngedere huyo! Akamwinamisha mama mkwe, mkono mmoja umemshika kifua, na kwa kitako cha kiganja cha mkono wa pili, katikati ya mabega: Puu! Puu! Puu!

"Lahaula! Anampiga mkwewe!"

Akapiga mpaka vidole vya mkono mmoja vikaisha kuhesabu. Kokwa bado. Akazunguka nyuma. Akamkumbatia! Naam, mama mkwe, mbele za watu! Kanga akazimia, lakini jicho moja akaliacha wazi asipitwe. Ngedere akakunja ngumi, akaiweka juu kidogo ya kitovu, chini ya mbavu. Mkono wa pili juu ya ngumi. Akavuta ndani na juu. Hup! Hup! Hup!

Kokwa, pyuuu! Ikamgonga Fisi puani, ngo!

Bi Kima akavuta pumzi, haaaa!

Kaka yake, mzee Nyani, mlinzi wa mwiko, akasimama. "Mkwe kaguswa. Ndoa hakuna. Ngedere, nenda kwenu."

Ngedere akainamisha kichwa. Akaanza kwenda.

"We Ngedere! Simama hapo!"

Sauti inakwaruza. Nani? Bi Kima! Anamsemesha mkwe mwenyewe!

"Nani kasema ndoa hakuna? Kaka, nilipokuwa nakufa, huo mwiko wako ulikuwa wapi? Ulinipiga mgongo? Ulinitoa kokwa?"

Nyani akaketi. Akakuna shavu. Akakuna la pili.

"Basi kuanzia leo, mkwe haguswi akiwa mzima. Akipaliwa, anaguswa! Ndoa ipo. Na hapa haliliwi pilau mpaka mkwe wangu awafundishe wote!"

Wanyama wakajipanga, kila mtu nyuma ya mkwe wake, wanaona haya, wanachekacheka. "Kuonyesha tu," Ngedere akawaonya. "Mzima haminywi." Bi Kima yeye akapelekwa kwa tabibu Korongo akaguliwe tumbo, maana kumbatio lile si la mchezo. Aliporudi, Fisi alikuwa amemkumbatia mkwe wake Mbuzi, na kwa mara ya kwanza Mbuzi hakukimbia. Arusi ikachezwa mpaka ngoma zikapasuka.

Basi sikieni, wakubwa na wadogo. Aliyepaliwa akiweza kukohoa, mwacheni akohoe. Asipoweza kukohoa wala kusema, msimpe maji, msimpe tonge. Mwinamisheni, mpigeni mgongoni. Kokwa ikigoma, mkumbatieni kama Ngedere. Ila kichanga haminywi tumbo kamwe. Roho iokolewe kwanza, kuona haya baadaye.

Hadithi yangu inakomea hapo. Iliyo tamu chukueni nyote, iliyochacha niachieni mwenyewe.